Jogoo Ndani ya Katoni

Barabara ile zamani ilikuwa na maduka ya vitu vya umeme kila upande, hata watu wakaiita Mtaa wa Waya. Siku hizi jina limebaki, waya zimekwisha. Duka la kwanza lilihamwa likawa la nguo za mitumba. La pili likawa saluni. La tatu, lililopakana na la Mama Jaribu, likageuka kuwa ofisi ya kupokelea vifurushi. Watu wanaagiza vitu kwa simu wakiwa wamelala vitandani mwao, vitu vinasafiri vyenyewe, na wao wanakuja tu kutaja namba na kuchukua. Kutwa nzima walipita mbele ya mlango wa Mama Jaribu, na kila aliyetoka alikuwa amebeba kwapani pasi, birika au spika ambayo ingeweza kabisa kutoka kwenye rafu zake. Mwenye ofisi ile alikuwa mtu wa haya. Benchi la wateja wake aliliweka upande wa pili ili lisimzibie mama wa watu mlango, na mtu akimwuliza betri, hata kama anazo, alimwambia, "Nenda hapo kwa Mama."

Jina la Mama Jaribu alipewa na wateja, kwa sababu ya mtindo wake wa kuuza. Hakuna kitu kilichotoka dukani mwake bila kujaribiwa, tena si na yeye, bali na mnunuzi kwa mkono wake. "Shika wewe mwenyewe," ndiyo ilikuwa kauli yake. Ukinunua pasi, utanyoosha kitambaa cheupe anachokiweka chini ya kaunta. Ukinunua feni, utasimama mbele yake mpaka upepo ukutoe machozi. Ukinunua birika la umeme, litachemsha maji palepale, na maji hayo yatakuwa chai yako, utainywa umekaa, na sukari utaongezewa. Ndipo katoni itafungwa upya kwa gundi, na juu ya gundi kamba nyekundu, na kwenye kamba kitanzi cha kuingiza vidole, mzigo usikuumize njiani. Duka lilianzishwa na mumewe, lakini kitanzi kilikuwa akili ya mke.

Mume alipofariki, watu walisema duka halitamaliza mwaka. Likamaliza mwaka, likamaliza na mingine. Kilichokuja kulikaba koo ni simu.

Kulikuwa na kipindi kibaya ambacho siku zilipita hata chaja haijauzwa. Mama Jaribu alikonda. Chakula alichobeba asubuhi alirudi nacho jioni, kimepoa, kijiko hakijaguswa. Mwanawe, dereva wa lori aliyekaa mji mwingine na mkewe na watoto, alipiga simu kila Jumapili na wimbo wake ulikuwa mmoja.

"Mama, funga uje ukae na wajukuu zako."

"Nikae nao nifanye nini?"

"Ukae tu."

"Kukaa tu ni kazi ya kiti, mwanangu."

Basi mambo yakageuka kama mtu aliyegeuza ukurasa. Alianza mwanamke mmoja mnene, mcheshi, akanunua pasi. Akafuata mwanamume wa kofia, akachukua redio. Akaja huyu, akaja yule. Hawakuwa wengi kama zamani, lakini siku haikupita bure. Walikuwa wateja wazuri ajabu. Hawakubishana bei, hawakutoa simu mfukoni kulinganisha, na chai walikunywa mpaka tone la mwisho. Wengine hata hawakujua walichofuata. "Nipe chochote, mama," mmoja alisema, akaangalia dari. Mama Jaribu alicheka akamwonyesha feni, naye akashukuru kama aliyeokolewa.

Chakula kikaanza kuliwa. Mashavu yakarudi. Na mwenye jengo alipokuja kusema kwamba anataka mkataba mpya wa miaka mitatu, kodi ya mwaka itangulie, Mama Jaribu hakutetemeka. Alikwenda benki. Benki walimsikiliza vizuri, wakamwambia watampa mkopo akiweka nyumba yake rehani.

"Rehani?" mwanawe aliuliza Jumapili ile. "Mama, ukishindwa kulipa watakutoa ndani."

"Sitashindwa. Watu wamerudi."

"Watu gani?"

"Watu. Wamechoka kununua picha. Wanataka kushika kitu."

 Dereva alikuwa na maneno ya kumjibu, lakini sauti ya mama yake ilikuwa imechangamka, na alikuwa hajaisikia hivyo tangu msiba. Hakuwa na moyo wa kuizima.

Likabaki jambo moja. Nyumba ile ilijengwa kwenye kiwanja cha wakwe, kwa hiyo hati ilikuwa na majina mawili: lake na la wifi yake, dada wa marehemu. Kesho yake asubuhi walikuwa wanatakiwa kwenda wote benki kutia saini, kisha yeye aende kwa mwenye jengo kumaliza. Wifi alikuwa hajaambiwa bado. Mama Jaribu alitaka kumwambia uso kwa uso, aone atakavyobabaika.

Wifi huyo alikuwa muuguzi mstaafu. Mtaani aliitwa Nesi, hata na watu ambao hakuwahi kuwachoma sindano. Mawifi hawa wawili walipendana kwa kusutana. Nesi alikuwa na kawaida ya kuingia dukani, kuvuta pumzi ndefu na kusema, "Harufu ya makumbusho. Kiingilio bei gani?" Naye Mama Jaribu alimjibu, "Wazee bure. Pita." Lakini miezi hii Nesi alikuwa ameacha kuja. Alisingizia magoti. Mama Jaribu aliona kwamba duka limechangamka na wifi haji kuliona, akasema moyoni kwamba kila mtu na uzee wake.

Alasiri ile alifunga mapema, akanunua kichane cha ndizi, akaenda. Geti la Nesi lilikuwa limerudishiwa tu. Ndani, maji yalikuwa yakimwagika bafuni.

"Nani huyo?" Nesi alipaza sauti.

"Mwizi."

"Mwizi gani anatembea kwa kuburuza ndala? Kaa sebuleni, wifi, najimwagia maji. Chumba cha nyuma usiingie, nimepuliza dawa ya kunguni."

"Kunguni wamekuvumiliaje wewe miaka yote?"

"Wamenizoea. Kaa."

Mama Jaribu akakaa. Aliweka ndizi mezani, akaanza kuyapanga maneno yake. Wifi, nimekuja na habari. Hapana. Wifi, yale makumbusho yako yamefufuka. Hilo lilimpendeza, akatabasamu peke yake. Hapo ndipo jogoo alipowika.

Alishtuka. Nesi hakuwahi kufuga kuku maishani mwake. Alisema kuku ni wagonjwa wasiojua kujieleza. Jogoo akawika tena, na sauti ilitoka chumba cha nyuma, imefifia, kama ya kiumbe kilichofunikwa. Jogoo wa jirani, Mama Jaribu aliwaza, ameingilia dirishani. Na mle ndani kuna sumu.

"Wifi! Kuna jogoo wa watu humu!"

Maji yalimwagika. Hakuna jibu.

Mama Jaribu hakuwa mtu wa kukaa kitini huku kitu chenye roho kinakufa chumba cha pili. Aliziba pua kwa mtandio, akafungua mlango.

Hakukuwa na harufu ya dawa. Aliushusha mtandio taratibu. Harufu iliyokuwemo ilikuwa nyingine, aliijua kama anavyoujua mto wake wa kulalia: katoni mpya, plastiki mpya, povu jeupe linalozuia vitu visivunjike. Pazia lilikuwa limefungwa. Katikati ya chumba palikuwa na lundo lililofika kifuani, limefunikwa shuka la kijani. Jogoo aliwika kutoka ndani ya lundo. Mwisho wa sauti ukakatika ghafla, kama amekabwa.

Jogoo huyo alimfahamu. Hakuwa wa jirani. Alikuwa jogoo wa kiwandani, wa zile redio ndogo za saa, na siku zote mwisho wa sauti yake hukatika hivyo.

Akavuta shuka.

Katoni za pasi. Katoni za feni. Mabirika, spika, taa za kuchaji, runinga imelazwa kando ya ukuta. Juu ya kila katoni kamba nyekundu, kwenye kila kamba kitanzi. Hakuna fundo hata moja lililokuwa limefunguliwa.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa la ajabu. Alifikiri wateja wake wameibiwa. Kuna jambazi linalowavizia wakitoka dukani, linawanyang'anya, na mali limekuja kuificha kwa Nesi bila Nesi kujua. Aliwaonea huruma wateja wake, mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi kumlalamikia.

Jogoo aliwika tena. Mama Jaribu alipapasa mpaka akaipata katoni ya redio, akalifungua fundo lake mwenyewe, akabonyeza. Pakawa kimya. Saa ya redio ilisema kweli: saa kumi jioni. Na hilo nalo alilikumbuka. Kila anayenunua redio ya saa humwuliza, "Huwa unaamka saa ngapi?" ili amtegeshee kengele kabisa. Msichana mmoja mwembamba aliulizwa hivyo akababaika, kama mwanafunzi aliyekuta swali ambalo halikufundishwa. "Saa kumi," alisema. "Saa kumi jioni. Nafanya kazi usiku." Mama Jaribu alimwonea huruma, akamwekea betri bure.

Sasa aliipakata redio mapajani. Hakujua amekaa chini saa ngapi.

"Nilikwambia kuna dawa ya kunguni."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga taulo, povu la sabuni limebaki sikioni. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Hawa kunguni wako wamefungwa kamba, wifi," Mama Jaribu alisema.  "Wamefungwa na mimi."

Nesi alikaza fundo la taulo.

"Umevipata wapi?"

"Dukani kwako."

"Vimeuzwa hivi."

"Vimeuzwa. Vyote vimelipiwa. Sikukuibia."

"Sijasema umeniibia." Alitazama katoni, akamtazama Nesi, akarudi kwenye katoni. "Yule mwanamke wa pasi. Wa kwanza kabisa. Mnene, mcheshi."

"Tulikuwa wodi moja."

"Wa kofia?"

"Mumewe."

"Yule aliyesema nimpe chochote."

Nesi alifumba macho. "Mjinga yule. Nilimwambia aseme feni. Neno moja tu, feni. Ni fundi wangu wa bomba."

"Msichana wa jogoo."

"Mpangaji wangu wa chumba cha mbele. Huyo nilimfundisha kila kitu, rangi, bei, aseme anampelekea mama yake. Nitajuaje kwamba siku hizi unawauliza watu saa za kuamka?"

"Nimewauliza siku zote."

"Basi ndiye huyo jogoo." Nesi aliangalia redio. "Nimekuwa nikigombana na jirani wa nyuma kila jioni, namwambia amchinje, ananiambia hana jogoo. Nilimwita mwongo."

Siku nyingine Mama Jaribu angecheka mpaka mbavu zimwume. Sasa aliendelea kuuliza. Mwanamke aliyekuja na mwavuli? Anaimba naye kwaya. Wale ndugu wawili walionunua runinga na kuibeba kama jeneza? Wajukuu wa rafiki yake. Mzee aliyesifia chai? Alikuwa mgonjwa wake zamani. Kila jibu lilikuwa kama mtu anayepita dukani akizima taa, moja baada ya nyingine, na Mama Jaribu alikuwa amesimama gizani bado anauliza.

Akabaki mmoja. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, akanunua taa ya kuchaji. Chai alipopewa, alimpulizia mtoto kwanza, akamnywesha, ndipo naye akanywa. Mama Jaribu alimkumbuka kuliko wote. Alifungua mdomo amwulize Nesi, akaufunga. Huyo hakumwuliza, na hakuangalia kwenye lundo kama taa yake ilikuwamo.

"Kwa nini?" ndilo alilosema.

"Usiniulize, wifi."

"Nakuuliza."

Nesi aliingia, akakaa juu ya katoni ya runinga. Ilinesa kidogo. Alikuwa bado amelowa, maji yanamdondoka kwenye vifundo vya miguu.

"Nilikuja siku moja kukutania," alisema. "Kile kipindi kibaya. Nilifika mlangoni, nikakukuta umesimama kwenye kaunta, pasi imewashwa, unanyoosha kile kitambaa chako cheupe. Nikadhani una mteja. Ulikuwa unasema, shika wewe mwenyewe, usiogope, moto wake ni huu. Ukasogea kando kumpisha. Na hakukuwa na mtu."

Mama Jaribu alihisi uso unamwaka. Aliijua siku hiyo. Haikuwa siku moja.

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nimeuguza watu maisha yangu yote, nimeona mengi, lakini sikuweza kuingia. Nilirudi nyumbani kwa miguu na magoti haya. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwita yule wa wodini, nikampa pesa, nikamwambia nenda ukanunue pasi."

"Pesa zako za kustaafu."

"Nilikuwa naziweka za nini? Nijengee kaburi lenye roshani?" Akapangusa goti kwa taulo. "Nilisema ni mara moja tu. Halafu yule akarudi akaniambia, mama wa watu amecheka. Amefunga katoni huku anaimba. Nikasema basi, mara moja nyingine. Kila wiki nilisema hii ya mwisho. Kila wiki mtu anarudi ananiambia, leo amenenepa kidogo, leo amenihadithia habari za mumewe. Ningeachia wapi? Mwenyewe nikaacha kuja, nisije nikakutazama usoni ukajua."

 Watu wengi kiasi hicho walikuwa wamepita mbele ya Mama Jaribu, wamekunywa chai yake, wameshika pasi zake, na wote walijua. Walikuwa wamemshika yeye kama mtu anayeshika yai. Hakujua kama anataka kulia kwa fedheha au kwa kupendwa hivyo. 

"Umenidanganya vizuri, wifi," alisema mwishowe. "Sijawahi kudanganywa vizuri hivi."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza kuomba msamaha. Hujaniuliza nimekuja kwa nini."

"Si umekuja kuniletea ndizi?"

"Nimekuja kukuchukua. Kesho asubuhi twende benki, utie saini naweka nyumba rehani."

Nesi alimtazama kama hajasikia. "Nyumba gani?"

"Nina nyumba ngapi?"

"Nyumba ya kaka yangu?"

"Mwenye jengo anataka mkataba wa miaka mitatu. Nikaona biashara imerudi. Nikasema watu wamerudi, nikope, nijaze duka. Mwanetu dereva alinikataza. Nikamwambia hajui kitu."

Ilikuwa zamu ya Nesi kupigwa na butwaa.  Mkono ulikwenda mdomoni ukabaki hapo, na povu la sabuni likateremka kutoka sikioni mpaka shingoni bila yeye kulifuta. Alikuwa amekaa mbele ya vitanda vya watu wengi mahututi, na hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Sasa alitetemeka mpaka katoni ikatoa sauti.

"Kwa ajili ya wateja wangu," alisema polepole.

"Kwa ajili ya wateja wako."

"Ningekuuzisha nyumba. Ningekutoa nje mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Bado kidogo tu."

"Mungu wangu," Nesi alisema kwa sauti ndogo. "Ningejua, ningetuma wachache."

Neno hilo lilikaa hewani. Mama Jaribu alimwangalia mwanamke mzee aliyelowa, amekaa juu ya runinga asiyoihitaji, katikati ya pasi za kutosha mtaa mzima. Alinyanyuka kwa shida, akamsogelea, akachukua ncha ya mtandio wake akamfuta povu shingoni na sikioni, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

"Vaa nguo, utapata baridi," alisema. "Kisha tule ndizi."

Walikula bila maneno mengi. Nesi aliuliza mara moja tu, "Utafanyaje?" na Mama Jaribu akasema hajui. Lakini alikuwa anajua. Alipokuwa anarudi nyumbani aliona taa za nyumba yake kwa mbali, zile alizofunga mumewe kwa mkono akiwa amesimama kwenye kiti kibovu, akasimama.  Alikuwa ameiweka nyumba hiyo kwenye sahani, na alikuwa anaipeleka huku anaimba.

Asubuhi hawakwenda benki. Alikwenda peke yake kwa mwenye jengo, mtu mpole aliyependa kukunja mikono ya shati kabla ya kusema jambo. Karatasi zilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake.

"Sitatia saini," Mama Jaribu alisema kabla hajakaa. "Mwisho wa mwezi nakukabidhi funguo."

Mwenye jengo aliacha mkono mmoja wa shati haujakunjwa. "Mama, kuna nini? Kodi ni kubwa? Tuzungumze."

"Si kodi. Sina wateja."

"Huna wateja vipi? Kila nikipita kuna mtu ndani. Hata mke wangu amenunua feni kwako."

Mama Jaribu alimtazama. "Mkeo anaimba kwaya?"

"Anaimba. Kwa nini?"

"Basi, nimeuliza tu."

Mwenye jengo hakuelewa, lakini hakumbana. Aliichukua kalamu mezani akaitia mfukoni, mama asiitazame, akaagiza chai, wakanywa wakizungumza habari za marehemu na jinsi alivyokuwa akilipa kodi kwa bahasha iliyopigwa pasi. Alipomsindikiza mpaka ngazini alisema, "Mlango wangu uko wazi, mama. Ukiwa na duka, usiwe na duka." Mama Jaribu alimshukuru kwa hilo kuliko kwa chai.

Alipofika dukani alimkuta Nesi nje, amekaa kwenye benchi la vifurushi. Mwenye ofisi ya jirani alikuwa amemletea mto wa kukalia. Pembeni kulikuwa na mkokoteni, na mkokoteni umejaa katoni zenye kamba nyekundu.

"Nini tena hii?" Mama Jaribu aliuliza.

"Nimekuja kurudisha mali. Tukae wote mpaka mwezi uishe. Kitakachouzwa kimeuzwa, na kitakachobaki tutakufa nacho."

"Siwezi kuuza kitu kimoja mara mbili."

"Utauza cha nani, sasa? Ni vyangu. Mimi ndiye mwenye duka leo, wewe ni mfanyakazi. Fungua mlango, umechelewa kazini."

Walipanga katoni kwenye rafu mpaka rafu zikaonekana kama siku zile za zamani. Mwenye vifurushi aliwasaidia kubeba zile nzito, akaacha wateja wake wanangoja, na hakuna aliyelalamika. Nesi alikaa nyuma ya kaunta akajipepea kwa kadi ya dhamana. Mama Jaribu alipiga simu kwa mwanawe, ingawa haikuwa Jumapili, akamwambia habari zote bila kuficha. Dereva alisimamisha lori kando ya barabara ili asikie vizuri.  Kisha akauliza swali moja: shangazi amekula?

Adhuhuri mtu akaingia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati lina jasho, macho yake yanakimbia kutoka rafu hadi rafu. "Mama, shikamoo. Birika la umeme lipo?"

Mama Jaribu hakuitikia salamu. Alimgeukia Nesi. Nesi aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeshikiwa silaha.

"Simjui," alisema.

"Hakika?"

"Sijawahi kumwona tangu nizaliwe."

Yule mwanamume aliwatazama wote wawili, akarudi hatua moja nyuma.

"Nani amekutuma?" Mama Jaribu alimwuliza.

"Mke wangu."

Mama Jaribu akamgeukia tena Nesi.

"Hata mkewe simjui," Nesi alisema. "Mkeo anaimba kwaya, baba?"

"Haimbi. Amejifungua jana." Alitoa simu, akawaonyesha kama anayetoa kitambulisho. "Nililiagiza huku, wameandika litafika keshokutwa. Maji ya kumwogeshea mtoto yanatakiwa leo. Kama hamuuzi, niambieni tu niende."

Mama Jaribu aliteremsha birika, akalitoa kwenye katoni, akatia maji. Mengine aliyamwaga kwenye kaunta. "Shika wewe mwenyewe," alisema. Mwanamume alibonyeza. Maji yalianza kunguruma, yakachemka, na chai ikatengenezwa. Alisema ana haraka, lakini aliinywa, kwanza akiwa amesimama, halafu akakaa, maana alikuwa hajala tangu jana na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nesi alimwongezea sukari na kumwuliza kama mtoto ananyonya vizuri, akamwambia la kufanya asiponyonya.

Alilipa, akaingiza vidole kwenye kitanzi, akatoka mbio. Hakutazama nyuma.

Mama Jaribu alibaki amesimama katikati ya duka, kikombe kitupu mkononi.

"Amenunua," alisema.

"Nimemwona," Nesi alimjibu.

"Amenunua kweli."

"Kaa chini, wifi, kabla hujaanguka."

Akakaa.